“Nje ya Kanisa Hakuna Wokovu”: Acheni Kuwatisha Wafiwa

Mwezi uliopita, semina ya wachumba ilipokwisha, binti mmoja alibaki kwenye benchi wenzake wakitoka. Baba yake, Mwislamu wa swala tano, alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Yeye na mama yake ni Wakatoliki. Siku ya tatu ya msiba mwanakwaya mwenzake alimvuta pembeni akamwambia, tena kwa sauti ya huruma, kwamba baba yuko motoni kwa kuwa nje ya Kanisa hakuna wokovu. “Mwalimu, ni kweli?”

Nimefundisha historia ya mafundisho ya Kanisa miaka ishirini na ushei, na swali hili nimeulizwa kuliko hata la Utatu Mtakatifu. Safari hii niliudhika, na ninapoandika bado sijatulia.

“Fundisho ni hilo hilo tangu Mitume: asiyebatizwa anaungua”

Msemo wa “nje ya Kanisa hakuna wokovu” una mwenyewe. Ni Sipriani, askofu wa Karthago, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Wanafunzi wangu wamechoka kunisikia nikirudia: kabla hujauliza sentensi ya kale inasema nini, uliza inamwambia nani. Sipriani alikuwa akigombana na Wakristo waliojitenga na maaskofu wao na kuanzisha makundi yao, na swali lenyewe lilikuwa kama ubatizo unaotolewa huko ni halali. Jirani ambaye hajawahi kumjua Kristo hakuwa kwenye ugomvi huo.

Mwaka 392 Kaisari Valentinian II alikufa kijana, hajabatizwa. Ambrosi, askofu wa Milano, alihubiri kwenye mazishi na kuwafariji dada zake marehemu: ndugu yenu aliutamani ubatizo, na alichokitamani amekipata. Ambrosi ni Mwalimu wa Kanisa, na yeye pia alikuwa msibani. Mlinganishe na mwanakwaya wetu.

Upande wa pili nao sitaki waongo. Wapo wanaosema Kanisa halijawahi kufundisha ukali huo. Limewahi. Mtaguso wa Firenze, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1442 ulitamka kwamba wapagani, Wayahudi, wazushi na waliofarakana watakwenda kwenye moto wa milele wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa. Maneno yapo, hayafichiki. Ila waliyaandika watu walioamini kwamba Injili imekwisha kufika kila pembe, kwa hiyo aliye nje ni mkaidi aliyekataa kwa makusudi. Miaka 50 baadaye Columbus akavuka Atlantiki, na wanateolojia wakakuta mataifa mazima ambayo hayajalisikia jina la Yesu. Hesabu ikagoma.

Padre Mdominiko Francisco de Vitoria, akifundisha chuo kikuu cha Salamanca, Hispania, mwaka 1539, alisema wenyeji wa Amerika hawakuwa na hatia ya kutoamini kabla ya kuhubiriwa. Akaenda mbali zaidi: hata wakihubiriwa, hawawajibiki kuamini papo hapo kama wanachokiona ni ukatili wa wahubiri. Sisi wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, watawa Wafransisko walishuka na misalaba miwili wakiimba utenzi wa kumshukuru Mungu, kisha askari wakaanza kupora mji. Aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akiwatazama, mtasema alihubiriwa Injili akaikataa?

Kutoka hapo mafundisho yalisogea taratibu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulitaja ubatizo “au hamu yake”. Mwaka 1863 Papa Pius IX aliandika juu ya wale wasioijua imani pasipo kosa lao. Mwaka 1949 Roma ilimkosoa kwa maandishi padre Leonard Feeney wa Boston, aliyekuwa akihubiri kile kile kilichosemwa kwenye ule msiba. Alipokaidi wito wa kwenda kujieleza, mwaka 1953 akatengwa na Kanisa. Yaani mwanakwaya anashikilia msimamo ambao Roma iliukataa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano!

Mtaguso wenyewe, katika hati juu ya Kanisa ya tarehe 21 Novemba 1964, aya ya 16, unawataja Waislamu kwa jina kuwa wanamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye huruma. Halafu unasema wale ambao bila kosa lao hawaijui Injili, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujitahidi kutenda mapenzi yake kadiri dhamiri inavyowaonyesha, wanaweza kuupata wokovu wa milele. Aya hiyo ni fupi, inasomeka kabla chai ya msibani haijapoa. Someni.

Anayetaka ushahidi wa karibu aende Namugongo. Kati ya mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, Mukasa Kiriwawanvu alichomwa moto Juni 1886 akiwa bado mkatekumeni, yaani anafundishwa ili abatizwe, hajamwagiwa tone la maji. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake tarehe 18 Oktoba 1964, na kwenye mahubiri siku hiyo akawakumbuka na Waanglikana waliouawa kwa jina la Kristo. Mnasali litania yao kila mwaka, kisha mnamwambia yatima kwamba asiyebatizwa anaungua.

Kanisa linatangaza watakatifu kwa majina. Halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kwamba yuko motoni.

“Basi Vatikano ilisema dini zote ni sawa”

Haikusema. Tamko la Mtaguso huo juu ya dini zisizo za Kikristo, la 28 Oktoba 1965, lililopita kwa kura 2,221 dhidi ya 88, linasema Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine, na papo hapo linasema lina wajibu wa kumtangaza Kristo. Kumheshimu jirani hakukulazimishi kusema mnaamini kitu kimoja. Yeye mwenyewe hatakukubalia.

“Kichanga kilichokufa bila ubatizo kiko limbo”

Limbo, yaani mahali pa kando pasipo mateso wala kumwona Mungu, haikuwahi kuwa fundisho la lazima la imani. Tume ya Kimataifa ya Teolojia iliandika juu ya jambo hili mwaka 2007: kuna sababu za kutumaini kwamba watoto hao wameokolewa. Makatekista, futeni kwenye madaftari.

“Padre atamlazimisha mchumba wangu Mwislamu asaini”

Zamani waliahidi wote wawili. Tangu 1970 anayeahidi ni Mkatoliki peke yake, kwamba atafanya awezavyo watoto wabatizwe. Mwenzake anajulishwa tu ahadi hiyo. Kibali cha askofu bado kinahitajika. Ushauri wangu, ambao hakuna anayeufuata: zungumzeni habari ya watoto kabla hamjalipia ukumbi.

“Mwislamu haombewi misa”

Kanoni ya 901 ya sheria za Kanisa inamruhusu padre kutolea misa kwa ajili ya mtu yeyote, mzima au marehemu. Nilimwambia yule binti aende ofisi ya parokia aandikishe nia. Karani alitazama jina, akauliza kama limekosewa. Akajibiwa halijakosewa. Jumapili, misa ya kwanza, lilisomwa kama lilivyo, pamoja na “bin” yake.