Majani mabichi hayali chakula cha hindi

Kila msimu mahindi yakitoa ndevu, swali ni lile lile: "Nipunguze majani mangapi ili nguvu ziende kwenye hindi?" Usipunguze hata moja. Jani bichi ndilo linalolilisha hindi.

Mizizi haipandishi wanga. Inapandisha maji na madini. Wanga unaojaza punje unaanzia kwenye jani, kwa hewa ukaa, maji na jua. Inua jani la muhindi lielekee jua uone mistari myembamba iliyosongamana: ndiyo mishipa. Kila mshipa umezungukwa na safu mbili za seli zenye kloroplasti, vifuko vya kijani vinavyotengeneza chakula. Ya nje inanasa hewa ukaa, ya ndani inaitengeneza kuwa sukari, na floemu, mirija ya kupitisha sukari, ipo pale pale kuisafirisha. Sasa unang'oa kiwanda hicho ili mzigo uongezeke?

Tena muhindi ukishatoa mbelewele, lile ua la kileleni, hauoti jani jingine. Hasara kubwa ni kuondoa jani lililo kwenye kifundo cha hindi na yale ya juu yake, maana ndiyo yanayopata jua la kutosha. Ukiyatoa punje zikiwa bado za maziwa, za ncha zinasinyaa na zilizobaki zinakuwa nyepesi. Mmea nao unaanza kunyonya sukari iliyohifadhiwa kwenye shina, shina linadhoofika, upepo ukija mahindi yanalala chini. Majani ya chini yaliyokwisha kukauka hayana shida: yameshapandisha naitrojeni yake juu, kuyatoa hakuongezi kitu.

Unataka malisho ya ng'ombe? Subiri. Pukuchua punje chache za katikati ya hindi, kwangua kitako chake kwa ukucha. Ukikuta doa jeusi, punje imejifunga, haipokei tena sukari. Hapo kata majani utakavyo. Na kama shamba ni giza tupu kwa msongamano wa mimea, kosa lilikuwa siku ya kupanda: sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, au 75 kwa 60, miche miwili. Punguza miche ikiwa midogo, acha majani.

Mgomba vilevile. Ukishatoa mkungu, hauongezi jani. Majani ya kufungia au kufunikia yachume kwenye migomba ambayo haijabeba, moja moja.

"Busta inyunyizwe juu ya jani, jua likiwa kali ndiyo inaingia." Hapana. Busta ni mbolea ya maji ya kunyunyizia majani. Upande wa juu ndio wenye nta nzito, na kwenye mwembe na mbuni stomata, vitundu vya jani vya kupitishia hewa, ziko chini ya jani. Saa sita mmea wenye kiu umezifunga, maji yanakauka haraka, chumvi inabaki na kuunguza kingo. Nyunyiza kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, pua ya bomba ikielekea juu ili ukungu wa dawa ufike tumboni mwa jani. Muhindi una stomata pande zote mbili, lakini saa ni zile zile.

"Mchicha mwekundu hauna umbijani, kwa hiyo hautengenezi chakula." Umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa jua, upo, umefunikwa tu na rangi nyekundu inayoyeyuka kwenye maji. Uchemshe: maji yanageuka mekundu, na jani linabaki la kijani.