Nantianmen ni nini? Lango la Mbinguni juu ya mlima Taishan

Nantianmen, yaani Lango la Kusini la Mbinguni, ni jengo la kale la Utao, dini ya asili ya China, lililo karibu na kilele cha mlima Taishan, katika mkoa wa Shandong, mashariki mwa China. Chini ni ukuta mnene wenye tao la kupitia watu. Juu ya tao kuna chumba cha ghorofani kilichoezekwa vigae vya manjano, kiitwacho Mokong Ge. Kuta zake ni nyekundu, na limesimama kwenye mwanya wa majabali, hata anayepanda huliona juu yake kitambo kirefu kabla ya kulifikia.

Liko mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Kwa aliyezoea habari za Kilimanjaro yenye mita 5,895, hicho ni kilima tu, ingawa milima yote miwili iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka mmoja, 1987. Heshima ya Taishan haitokani na urefu. China ina milima mikuu mitakatifu mitano, na huu ndio wa mashariki, upande wa macheo, unaohusishwa na mwanzo wa uhai. Wachina wa kale waliamini pia kwamba roho za wafu huenda huko.

Sasa, kwa nini mlima uwe na lango? Katika imani ya Watao, mbingu ni dola kamili: ina ikulu, maofisa, madaftari, na mtawala mkuu aitwaye Yuhuang. Ikulu haikosi mlango. Na kwa kuwa majumba ya wafalme wa China yalijengwa yakitazama kusini, lango kuu likiwa upande huo huo, mbingu nayo ilipewa ramani hiyo hiyo. Njia ya mahujaji hupanda Taishan kutoka kusini, ikipitia malango matatu: Yitianmen chini, Zhongtianmen katikati na Nantianmen juu. Kila lango humwambia mpandaji amefika wapi katika safari ya kutoka kwa binadamu kwenda kwa miungu.

Kipande cha mwisho ndicho kinachotesa. Kinaitwa Shibapan, Mizunguko Kumi na Minane: vidato zaidi ya 1,600 katika umbali usiotimia kilometa moja, vikipanda takriban mita 400. Nadhani bila ngazi hizo lango lingekuwa jengo zuri tu. Mtu anayetweta, magoti yakimtetemeka, hahitaji kuelezwa sana kwamba anaingia mahali pengine.

Wengi hudhani lango hili lilijengwa kwa ajili ya wafalme, kwa sababu Taishan ilikuwa mahali pao pa ibada kuu iitwayo fengshan, ambayo mfalme aliifanya kutangaza mbele ya mbingu na ardhi kwamba utawala wake umekubaliwa. Qin Shi Huang alipanda mwaka 219 KK, na Wudi wa Han mwaka 110 KK. Lakini wa mwisho kuifanya ibada hiyo hapa alikuwa Zhenzong wa enzi ya Song, mwaka 1008. Nantianmen lilijengwa mwaka 1264, wakati wa Kublai Khan, mtawala wa Kimongolia, na aliyelijenga ni mtawa wa Kitao, Zhang Zhichun. Kwa hiyo hakuna mfalme hata mmoja aliyepita chini ya tao hili akienda kufanya fengshan. Kangxi na Qianlong wa enzi ya Qing walipanda mlima, naam, ila ibada ile ya kale hawakuifanya.

Lango ni la mahujaji wa kawaida, na ukitaka kujua walifuata nini, tazama kilicho mbele yake. Ukishapita unaingia Tianjie, Mtaa wa Mbinguni, wenye maduka na nyumba za wageni. Mbele kidogo kuna hekalu la Bixia Yuanjun, mungu wa kike ambaye kwa karne nyingi wanawake wamemwendea kumwomba watoto. Hekalu la Yuhuang mwenyewe liko juu zaidi, kileleni. Lakini aliyependwa zaidi na watu wa kawaida ni Bixia, na wengi wa waliojikongoja hadi langoni kwa Zhang Zhichun walikuwa wanakwenda kwake.