Kumsitiri si kumficha

Hapa Malindi, binti wa miaka 15 akishika mimba, neno la kwanza barazani ni "mpelekeni kwenye makao ya watoto, asitiriwe." Wanaosema hivyo huwa na maana ya kufichwa: mlango ukomewe, shule iishe, mtoto akizaliwa apewe watu.

Sivyo makao yanavyotakiwa kuwa. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mimba haimfanyi mtu mzima. Kumpeleka huko si uamuzi wa mjomba peke yake. Afisa wa watoto huhusishwa, na jamaa hutazamwa kwanza. Nyanya mwenye chumba kimoja cha ziada huko Ganda aweza kufaa kuliko bweni lililojaa vitanda.

La kichanga ndilo linalopotoshwa zaidi. Binti huyo ndiye mama. Makao yanayojua kazi yake humpeleka kliniki, humfunza kuogesha, humpa nafasi ya kunyonyesha, miezi 6 ya mwanzo bila kumpa mtoto hata maji. Taratibu za kuasili haziruhusiwi kuanza kabla mtoto hajatimiza wiki 6, kwa hiyo anayemshikisha kalamu wodini atie sahihi ya kumtoa mtoto anamhadaa.

Shule? Mwongozo wa serikali wa 2020 unamruhusu kurudi.

Na aliyempa mimba (huyu barazani hatajwi kabisa) ana kesi ya unajisi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Mbuzi na pole za wazee hazifuti kosa hilo. Simu ya watoto ni 116, bila malipo.