Je, wajua kwa nini soda ya kuokea hutiwa kwenye bwawa la kuogelea?

Mvua za Machi hadi Mei zikishika Kampala na Entebbe, bwawa lililokuwa safi wiki iliyopita huanza kuwasha macho, na simenti ya kati ya vigae ikaanza kulika. Mwenye bwawa huongeza klorini. Mara nyingi kilichopungua si klorini.

Maji ya mvua yana asidi kidogo; pH yake, yaani kipimo cha asidi ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi, huwa karibu 5.6. Lakini tatizo kubwa ni kwamba hayana bikaboneti ya maana, yaani chumvi inayomeza asidi. Bwawa likijaa na kumwagika, bikaboneti yake huzimuliwa. Vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole navyo vina asidi, huila siku baada ya siku. Ikiisha, asidi kidogo tu inatosha kuiangusha pH.

Soda ya kuokea, ile ile ya mandazi, ni bikaboneti ya sodiamu tupu. Ikikutana na asidi, huishika na kuigeuza kuwa maji na kaboni dioksidi inayotoroka hewani. Kamulia limau kwenye kijiko cha soda, utaona mapovu: ndiyo kazi hiyo hiyo.

Wengi huitia wakidhani kazi yake ni kupandisha pH. Huipandisha kidogo tu, kwa kuwa maji yaliyoyeyushwa soda yenyewe yana pH ya karibu 8.3. Kazi yake hasa ni kuizuia pH isiyumbe, na kwangu huo ndio uzuri wake. Magadi, yaani kaboneti ya sodiamu, ni makali zaidi na ni rahisi kupitiliza. pH ikipanda hadi 8, klorini hulegea: kwenye 7.5 karibu nusu yake huwa katika hali inayoua vijidudu upesi, kwenye 8 ni kama robo tu. Kipimo kitaonyesha klorini ipo, na vijidudu vitaendelea kuishi.

Kwa hiyo pima kwanza ualkali wa maji, yaani uwezo wake wa kumeza asidi. Katika vipimo vingi vya matone, maji huwa ya kijani, nawe unadondosha tone moja moja hadi yageuke mekundu. Kila tone ni miligramu 10 kwa lita. Lengo ni 80 hadi 120. Kupandisha 10 katika lita 50,000 kunahitaji gramu 840 hivi, basi kutoka 60 hadi 90 ni kama kilo 2.5. Nyunyiza ukizunguka bwawa huku pampu ikifanya kazi, ngoja saa kadhaa, upime tena.

Usiichanganye na klorini ndoo moja. Na soma pakiti vizuri: beking pauda ina asidi na wanga ndani yake, haifai kabisa. Kipimo kikishazidi 120, usitie soda, maana maji yatakuwa na ukungu na vigae vitashika ukoko mweupe.