Kwa nini Nairobi, mji usio na bahari, unakula kama Mombasa?

Bahari iko karibu kilomita 500 kutoka Nairobi, lakini nenda Majengo, Pumwani, asubuhi uone: watu wanamega mahamri na kuchovya kwenye mbaazi za nazi utadhani wako Mji wa Kale, Mombasa. Chakula hiki kilipandaje mpaka huku bara?

Wengi watakujibu: reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899. Sawa, ila reli haipiki. Waliopika ni watu waliokuja nayo: wapagazi, askari na wachuuzi kutoka pwani, wengi wao Waislamu, waliojijengea vijiji pembeni mwa mji mpya. Kimoja kiliitwa Mombasa, kingine Pangani. Serikali ya kikoloni haikufurahia Waafrika kujipangia makazi, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikatenga Pumwani kuwa mtaa wao na kuanza kuvunja vijiji hivyo. Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, na waliofurushwa huko wakahamishiwa Shauri Moyo.

Pumwani ilikuwa na jambo moja ambalo mitaa mingi ya Waafrika haikuwa nalo: mtu aliweza kumiliki nyumba yake. Zikajengwa nyumba za Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwemo wanawake wengi, waliopangisha vyumba na kuuza chakula. Kijana aliyetoka kijijini kutafuta kazi mjini alipanga kwao, akala vyao, na watoto wake wakakulia hapo.

Usichanganye mahamri na mandazi ya kibandani. Unga wa mahamri hukandwa kwa tui la nazi, hamira na iliki, kisha huachwa uumuke. Husukumwa duara, hukatwa vipande vinne, na mpishi huvimwagia mafuta moto kwa upawa vikiwa karaini. Unyevu wa ndani hugeuka mvuke, hamri likafura na kubaki wazi katikati. Mafuta yakiwa baridi, halifuri ng'o. Mbaazi zenyewe, kwa taarifa yako, hulimwa sana Ukambani; cha pwani hapo ni nazi.

Chapati ina safari yake. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli, na ingawa wengi walirudi kwao, wafanyabiashara Wahindi waliendelea kuja. Walikaa Ngara na Parklands kwa sababu ukoloni uligawa mji kwa rangi ya mtu. Huko ndiko ukatafute bajia za viazi zenye chatne ya ukwaju. Chapati yenyewe haina mtaa tena. Krismasi bila chapati Nairobi ni ugomvi wa familia.

Vuka sasa uende Eastleigh. Wasomali wamekuwepo tangu enzi za ukoloni, lakini baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 walimiminika, na mtaa ukabadilika kabisa. Ukiagiza wali na nyama ya mbuzi, ndizi mbivu utakayoletewa si ya baada ya chakula. Imege, uile pamoja na wali. Anayeiweka kando wanamjua mara moja kuwa ni mgeni.

Pilau nayo imesambaa mji mzima, na hapa nina neno: hoteli nyingi za katikati ya mji zinaipaka rangi kwa nyanya na unga wa bizari. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa polepole mpaka kikawa kahawia, basi. Majengo bado wanajua. Kwa mahamri fika kabla ya saa tatu asubuhi. Ukichelewa, uliza kama jioni watakaanga tena. Mwezi wa Ramadhani ndio jioni zenyewe, kwa kuwa kaimati (vidonge vya unga vya kukaanga, vilivyopakwa shira), sambusa na viazi karai hutolewa barazani kabla ya magharibi.