Azimio la Arusha na matajiri: tunayosimuliana Mwanza na yaliyotokea

"Ujamaa ulimwona kila mwenye mali kuwa mnyonyaji." Hapana. Azimio, tamko la chama cha TANU la kujenga ujamaa, lililotangazwa Februari 5, 1967 lilitaja njia kuu za uchumi: ardhi, madini, umeme, benki, bima, biashara ya jumla, viwanda vikubwa. Benki zikataifishwa kesho yake. Kwenye bia, sigara na viatu vya Bata, serikali ilitaka tu hisa za kuipa kauli ya mwisho, wenyewe wakabaki wabia. Mkulima mwenye shamba lake na mama wa genge hawakuwemo. Aliyebanwa zaidi ni kiongozi mwenyewe: asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Mimi hapo ndipo naliheshimu Azimio.

"Hakuna aliyelipwa." Kwa benki na viwanda fidia iliahidiwa, ikajadiliwa, ikalipwa. Majengo ni habari nyingine, na ni chungu. Sheria ya 1971 ilichukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Lililozidi miaka kumi halikuwa na fidia. Ndivyo majengo ya mjini, Mwanza ikiwemo, yalivyoangukia kwa Msajili wa Majumba, chombo cha serikali cha kuyasimamia. Sheria haikutaja asili ya mtu, lakini wenye majengo hayo wengi walikuwa Waasia, na familia nyingi zikahama nchi.

"Serikali ndiyo iliyowanyang'anya Wahindi vinu vya pamba." Hii ndiyo inayoniudhi, maana inawafuta wakulima wa Usukumani. Walichoka kupunjwa na wanunuzi kwenye mizani, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955, wakiongozwa na Paul Bomani, wakaviunganisha kuwa Victoria Federation. Vinu walianza kuvinunua na kuvijenga kwa fedha za pamba yao, mkoloni angali madarakani. Bepari wa pamba alishindwa sokoni.

Na "mnyonge hakuguswa"? Aliguswa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, Nyanza, iliyoirithi Victoria Federation, ikiwemo, na pamba ikawa mikononi mwa Mamlaka ya Pamba ya serikali. Mwaka huohuo Operesheni Maduka ikafunga vijiduka vya watu binafsi vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na duka la kijiji. Mwenye kuuza chumvi na mafuta ya taa akatendewa kama bepari, ingawa Azimio halikuwahi kumtaja. Sheria ya kurudisha vyama vya ushirika ilikuja mwaka 1982.