Je, Wajua Boksi Moja Linaweza Kuzaliwa Upya Mara Ngapi?

Chukua boksi kuukuu, lichane polepole, kisha tazama pale lilipochanika. Utaona vinywele vyembamba vimechomoza. Hizo ni nyuzi za mti, na ndizo boksi lenyewe. Za msonobari hufikia milimita 3 hivi. Za mkaratusi ni milimita 1 au pungufu. Kwa hiyo penye kuhitaji nguvu, msonobari hupendwa zaidi.

Ajabu ni kwamba ndani ya tabaka la karatasi nyuzi hizo hazihitaji gundi ili zishikane. Zikiwa mbichi hulegea na kulaliana, na maji yakikauka huvutana zenyewe kwa vifungo vya haidrojeni. (Gundi ya wanga hutumika kubandika yale mawimbi ya katikati, nayo hulainika majini.) Boksi likinyeshewa, maji huingia kati ya nyuzi na kuvifungua vifungo hivyo, nalo likanywea. Jambo hilohilo linaloliharibu ndilo linalowezesha lingine kuzaliwa. Kiwandani, maboksi yaliyotumika humwagwa kwenye pipa kubwa la maji lenye mapanga yanayozunguka, mithili ya blenda, yakawa uji. Pini za chuma na selotepu hutolewa, uji ukatandazwa juu ya wavu, ukakamuliwa kwa rola na kukaushwa.

Sasa, mara ngapi? Jibu lililozoeleka ni mara 5 hadi 7, na lina sababu yake. Uzi wa mti ni mrija. Ukikaushwa mara ya kwanza, mrija hubonyea na kuta zake hugandana. Ukilowekwa tena haufunguki wote. Hubaki mgumu, hauwalalii wenzake vizuri kama mwanzo. Isitoshe, kila mzunguko huzikata baadhi ya nyuzi.

Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, walirejeleza kadibodi mara 25 na nguvu yake haikuporomoka. Kwangu hii ni habari kubwa, kwa sababu inahamisha swali. Tatizo si uzee wa nyuzi peke yake. Nyingi zinapotea njiani zikiwa bado na uhai.

Zinapoteaje? Vipande vifupi mno hupenya matundu ya wavu na kwenda na maji. Boksi lililolowa mafuta ya chakula nalo huleta shida: mafuta hayachanganyiki na maji, huganda kwenye nyuzi na kuacha madoa na sehemu dhaifu kwenye karatasi mpya. Boksi linalozikwa jalalani limepotea kabisa, na huko likioza bila hewa hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani.

Kila uzi unaopotea hufidiwa na mti. Mwaka 1879 Carl Dahl, mkemia wa Ujerumani, alibuni njia ya kupika vipande vya mbao kwa kemikali. Njia hiyo huitwa kraft, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Hutoa karatasi imara ya kahawia, lakini takriban nusu tu ya uzito wa mbao ndiyo hubaki kuwa nyuzi. Sehemu kubwa ya nusu nyingine, hasa lignini, ile inayougandisha mti, huchomwa kiwandani kupata nishati.

Pakiti za maziwa na juisi ndizo zinazonisikitisha zaidi. Takriban robo tatu yake ni karatasi nzuri ya nyuzi ndefu, lakini imefungiwa ndani ya plastiki, na mara nyingine alumini. Maji huchelewa kuzifikia nyuzi hizo, kwa hiyo zinahitaji mitambo yake maalumu, ambayo viwanda vingi havina.

Ukitaka kuhakikisha unachokishika, chana kona yake. Ukiona ngozi nyembamba inayovutika badala ya vinywele, kuna plastiki hapo. Usiichanganye na maboksi ya kawaida.